Utepe Uliolinda Wimbi la Machochwe

Safari yangu ilianza kwa aibu, nami nasema hivyo mapema ili ndugu zangu mnaosoma msidhani nilitumwa kwa heshima. Nilikuwa najifunza kazi kwa Fundi Saidi pale Tarime, mtu wa Tanga, mtengenezaji wa gramafoni, redio na kila kitu chenye kutoa sauti. Jina langu Marwa. Nilisoma hadi darasa la nne tu, lakini kichwa changu kilikuwa kimejaa mambo ya mbali. Nikishika bisibisi najiona niko Dar es Salaam, naongea kwenye redio, na watu wananisikiliza hadi Kigoma.

Mwaka ule Mzungu mmoja, aliyekuwa akizunguka nchi yetu kukusanya maneno ya wazee, alikwenda kwao likizo. Alituachia kinasa sauti chake, sanduku dogo linaloendeshwa kwa betri, kwa sababu mota yake ilikuwa inakwama. Alituachia pia kasha la tepe zake. Kila utepe ulikuwa umezungushwa kwenye gurudumu lake, ndani ya kijisanduku kilichoandikwa jina la mzee aliyesema.

Ijumaa moja mota ilikuwa imekwisha pona na Fundi alikuwa amekwenda kuswali. Nikasema moyoni, ngoja niijaribu. Nikatwaa utepe uliokuwa juu ya wenzake, nikaufunga, nikaminya kitufe chekundu, nikaimba. Niliimba nyimbo tatu. Nikajitaja jina, nikawasalimu wasikilizaji wote wa Tanganyika. Sikujua kwamba mashine ile ikiandika neno jipya inafuta la zamani. Nilidhani maneno yanalaliana tu, kama mablanketi kitandani.

Siku ya gulio akaja Mama Bhoke, mama wa makamo kutoka Itiryo, miguu imejaa vumbi. Mama yake mzazi, bibi Nyangi, alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Kwenye matanga mkalimani wa yule Mzungu alimwambia habari ambayo nyumbani hakuna aliyeijua: kwamba Nyangi alikuwa na mtoto mwingine, binti mkubwa, ambaye alimwacha kwa watu ng'ambo ya mto wakati wa njaa, Mama Bhoke mwenyewe akiwa bado tumboni. Nyangi aliyasema hayo mbele ya mashine, na akaitaja nyumba aliyomwachia mtoto. Mkalimani alikuwa ameisahau. Mashine haisahau, alisema.

"Mfungulie mama yangu azungumze," Mama Bhoke alimwambia Fundi, akakaa kwenye kigoda na kupanga nguo yake vizuri, kama mtu aliyetembelewa na mgeni.

Fundi akafungua. Ikatoka sauti yangu: "Wasikilizaji wapenzi, mimi Marwa wa Tarime..." Kisha wimbo.

Mama Bhoke alisubiri wimbo wa kwanza uishe wote, kwa adabu. Halafu akasema, "Huyu si mama."

"Marwa," alisema Fundi Saidi. Nilitamani anipige.

Tuliusikiliza utepe ule mpaka mwisho. Baada ya nyimbo zangu yalibaki maneno machache ya bibi, akishukuru kwa chumvi aliyopewa, basi. Nikalia mbele za watu. Mama Bhoke hakulia. Alinitazama kama anavyotazamwa mbuzi aliyekula shuka.

Ndipo Fundi akakumbuka. Yule Mzungu alikuwa na desturi ya kunakili kila utepe. Asili aliiweka Tarime, nakala akazihifadhi Machochwe kwa katekista mmoja mwenye nyumba ya bati isiyovuja.

"Ni kama ng'ombe," alisema Mama Bhoke. "Sisi hatuweki ng'ombe wote boma moja. Wengine unampelekea rafiki wa mbali akufugie, ili ugonjwa au wezi wasikumalize. Basi Mzungu huyo ana akili." Akasimama. "Nitakwenda mwenyewe."

"Na mashine nani atakuendeshea?" aliuliza Fundi.

"Huyu mwimbaji atakuja. Ataibeba. Lakini utepe nitaushika mimi. Amekwisha mla mama yangu mara moja, hatamla mara mbili."

Jumatatu alfajiri tuliondoka Tarime juu ya lori lililokuwa limebeba ngozi. Fundi alinipa wembe na plasta nyembamba maalumu ya kuungia tepe, akanionya nisichanganye pande: upande uliofifia ndio wenye maneno, upande unaong'aa ni mgongo tu. Lori lilitushusha Nyamwaga. Kutoka hapo ilikuwa miguu. Mashine niliibeba mgongoni kwa mkanda wa katani, na kadiri jua lilivyopanda ndivyo nilivyoamini kuwa Wazungu hutengeneza mashine kwa mawe.

Mama Bhoke alitembea mbele. Kila nilipopungua mwendo aligeuka.

"Imba basi, mura," alisema. Mura kwetu ni kijana wa kiume, na yeye hakuniita kwa jina lingine safari nzima. "Si wewe mwimbaji wa Tanganyika yote?"

"Nimeacha kuimba, mama."

"Usiache. Acha tu kuimba juu ya watu."

Mchana tulifika mto Mara. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na viboko wamelala kwenye kona ya mto kama magunia. Mwenye mtumbwi alikataa katakata kuibeba mashine mpaka aambiwe kilichomo. Nikamweleza kuwa ni sanduku la kushika sauti za watu.

"Hata za waliokufa?"

"Hata hizo."

Akafikiri, akasema mashine ivuke kwanza bila abiria mwingine, yeye na mimi tukiwa kimya, ili viboko wasisikie jambo la ajabu. Tukavuka hivyo. Aliporudi kumchukua Mama Bhoke nilimwona mama yule amesimama ukingoni, anayaangalia maji. Mama yake aliyavuka maji hayo hayo na mtoto mkono mmoja. Alipofika ng'ambo hakunitania tena mpaka jioni.

Tulilala kwa watu wema njiani, tukala ugali wa muhogo na maziwa ya mgando. Jumanne nzima tulitembea. Nchi ya huko imefunguka, vilima viko mbali mbali, na kuna mahali tulisimama kusubiri kundi la nyumbu limalize kupita, nao hawakuwa na haraka yoyote. Mimi niliyazoea maduka ya Tarime. Nilisimama nimeachama.

Jumatano, saa nne hivi asubuhi, tulifika Machochwe. Katekista alikuwa safarini kufundisha. Tulimkuta mkewe, Robi, mama mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Shikamoo, mama," nilimsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, karibuni. Mmebeba nini, cherehani?"

Tulipewa uji, tukaeleza shida yetu. Robi akaingia ndani akatoka na kasha. Nikalijua mara moja, ni ndugu wa lile la Tarime. Nikapekua. Vijisanduku vyote vilikuwamo. Nikakiona kilichoandikwa *Nyangi, Itiryo*. Nikakifungua. Ndani palikuwa na gurudumu tupu.

"Utepe wake uko wapi, mama?"

"Ule mkanda wa kahawia?" Robi alifurahi, kama mtu aliyeulizwa habari za mwanawe anayefanya vizuri shuleni. "Uko kazini. Njooni muone."

Akatupeleka nyuma ya nyumba. Palikuwa na shamba la wimbi, yaani ulezi, masuke yamekunjika kama ngumi, karibu kuvunwa. Na juu ya shamba lote, kutoka mti hadi mti, alikuwa ametandaza utepe wa bibi Nyangi. Ulikuwa unameta juani. Upepo ulipopita ulitoa mlio mwembamba, vuuu, na ndege waliokuwa wanashuka wakapinda wakaenda shamba la jirani.

"Mume wangu aliniambia humo ndani mna maneno ya wazee," Robi alieleza. "Ndege walikuwa wananimaliza. Nikasema, sisi tunaogopa maneno ya wazee, ndege ni nani wasiogope? Wazee walinde wimbi. Na wamelinda! Mwaka huu sijapoteza hata kikapu."

Nilimtazama Mama Bhoke. Alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja. Nilidhani analia, kumbe anacheka, na machozi yanatoka pamoja na kicheko. "Mama yangu," alisema, "hajawahi kukaa bila kazi hata siku moja."

Lakini Robi alipoelewa tulichokuja kutafuta, uso ulimwanguka. Akakaa chini pale pale kwenye tuta. "Nimekosa nini mimi, nimekosa nini," akawa anasema, mpaka Mama Bhoke akamwinua. "Hukukosa, dada. Mwenye kosa ni huyu mwimbaji. Wewe ulimpa kazi, yeye alimfuta." Niliinamisha kichwa. Ilikuwa kweli.

Kuanzia mchana huo tulianza kuukusanya. Haikuwa kazi ya kuvuta kamba. Robi alikuwa ameukata vipande vipande na kila kipande amekifunga kwenye mti kwa fundo. Vingine vimekauka na kujikunja, vingine vina mavi ya ndege, na kimoja mbuzi alikuwa amekitafuna akaacha masharubu. Lakini Mungu hamtupi mjinga wake. Robi alikumbuka jinsi alivyovitandaza. Alianzia penye lango, akaenda kwa mistari ya palizi yake, kwenda na kurudi, mpaka kwenye kichuguu. Hakujua kusoma. Shamba lake alilijua kama padri anavyoijua misa.

"Hiki ni cha kwanza. Hiki kinafuata. Hapana, mura, hicho ni cha mstari wa tano, siku hiyo mvua ilininyeshea."

Niliviandika namba kwa penseli kwenye vijikaratasi. Tulivifuta kwa kitambaa kikavu, taratibu, mama hao wawili wamekaa mkekani kama wanachambua mboga. Mimi nilikata mafundo kwa wembe, nikaunga ncha kwa ncha. Alhamisi ikapita, vidole vinauma. Nyuma yetu ndege waligundua kuwa mlinzi ameondoka. Robi aliwaona wakishuka kwenye wimbi lake. Akawatupia bonge moja la udongo, akarudi kukaa. "Waache wale," alisema. "Mtu kwanza."

Ijumaa saa nane mchana niliufunga utepe kwenye mashine. Kitufe chekundu nilikuwa nimekifunika kwa kipande cha kibuyu na kukifunga kwa uzi, ili hata shetani asinisukume. Nikafungua.

Kwanza upepo. Kisha sauti ya bibi kizee, inayumba kidogo kwa ajili ya jua lililouvuta utepe, inaongea Kikurya. Mama Bhoke akashika goti langu, na kucha zake nazisikia hata leo. Kipande cha tatu kikaanza kusema maneno ya ajabu, kama mtu anayemeza sauti badala ya kuitoa. "Mmemgeuza mama yangu!" alipiga kelele. Nilikuwa nimeunga kichwa mahali pa mkia. Nikakata, nikakigeuza, nikaunga tena. Bibi akaendelea. Maneno yake nayaweka hapa kwa Kiswahili, kadiri nilivyoweza kuyashika.

"Mkubwa wangu alikuwa na miaka sita hivi. Nilivuka Mara naye, na mwingine tumboni. Tulifika Ringwani, nyumba ya..."

Hapo palikuwa na kile kipande cha mbuzi. Urefu wa pumzi tatu, ukapotea.

"...mama wa nyumba akampa uji kabla sijamaliza kusalimu. Nyundo zilikuwa zinalia nyuma ya nyumba. Nilisikia aibu, lakini mtoto alikuwa anakunywa. Wakasema watamlea. Wakataka kunipa na wimbi la njiani. Nikakataa, nisije nikawa nimemuuza."

Mama Bhoke alisema polepole, "Nyundo. Waturi."

Niwaeleze wasomaji wa mbali. Waturi ni wahunzi. Wanafua majembe tunayolimia na mikuki tunayolindia ng'ombe, na wake zao wanafinyanga vyungu tunavyopikia. Lakini hatuoi kwao nao hawaoi kwetu, wala hatuli pamoja. Wazee walisema ukichanganyika nao unavuta laana ya chuma. Ndiyo sababu Nyangi hakusema nyumbani hata neno. Mtoto wake alikuwa amelishwa na kukuzwa katika nyumba ambayo watu wa ukoo wake wasingeketi.

Utepe uliendelea mpaka mwisho. Maneno ya mwisho nitayasema mahali pake.

Jioni ile Mama Bhoke alikaa peke yake kando ya shamba. Nikamfuata.

"Tunarudi nyumbani, mama?"

"Mura, chungu cha mturi kinaua?"

"Sijui, mama. Lakini mimi ninakula kwa Fundi Saidi mwaka mzima, naye anashinda akigonga vyuma."

Akacheka puani. "Ndiyo maana umekuwa hivyo." Kisha akasema, "Kesho unionyeshe njia ya Ringwani." Njia sikuijua. Robi ndiye aliyetuonyesha.

Jumapili, jua likiwa limeanza kulegea, tulifika Ringwani. Kuuliza nyumba ya wahunzi hakukuwa na taabu, maana nyundo zenyewe zinaita. Tulikuta ua wa minyaa, na mbele ya nyumba mama mmoja amepiga magoti, anafinyanga chungu, mikono imejaa udongo hadi viwiko. Alikuwa na paji la uso la Mama Bhoke, lile lile, kama wamegawana.

"Karibuni. Mnataka cha maji au cha kupikia?" alisema bila kuinua kichwa.

Mama Bhoke, aliyekuwa hana uhaba wa maneno tangu Tarime, akasema, "Cha maji." Akaanza kuchagua vyungu! Akavigonga kimoja kimoja, anasikiliza mlio. Kimoja akasema kizito, kimoja mdomo mpana. Mimi nilisimama na mashine mgongoni, jasho linanitiririka. Alipovimaliza vyote alikishika cha mwisho kwa mikono miwili akasema ndani yake, "Mama yetu amekufa."

Mfinyanzi aliendelea kulainisha udongo. Jina lake Gati. "Mama yangu alikufa mwaka juzi," alisema. "Kaburi lake ni lile pale, penye mawe. Huyo mwingine alinibadilisha kwa wimbi akaenda zake. Watoto wa hapa walikuwa wananiambia hivyo tukigombana: wewe ulinunuliwa kwa kikapu."

"Hakuchukua wimbi."

"Nani kakuambia?"

"Yeye mwenyewe. Mura, fungua."

Niliiweka mashine chini, pale kwenye udongo mbichi. Wahunzi waliacha kugonga, wakaja wakasimama nyuma. Sauti ya Nyangi ikatoka, upepo kwanza, kisha mto, kisha njaa. Gati alisikiliza ameinama, vidole bado vimo ndani ya chungu. Aliposikia habari za wimbi lililokataliwa vidole vikasimama. Ndipo yakaja yale maneno ya mwisho niliyowawekea:

"Mvua iliporudi nilikwenda kumchukua. Nilimkuta anacheza na wenzake, amenenepa, miguu inang'aa mafuta. Nilisimama kwenye ua wa minyaa. Nikasema, nikimwita atakuja, na kwangu bado hakuna kitu. Akiniangalia tu, nitamwita. Hakuniangalia. Nikarudi. Nikasema nitakwenda tena baada ya mavuno. Sikwenda tena."

Utepe ukaisha, gurudumu likawa linazunguka bure, tap, tap, tap. Nikalizima.

"Nilimwona," alisema Gati.

Mama Bhoke alimgeukia.

"Alisimama pale." Akaonyesha kwa kidevu, maana mikono ilikuwa na udongo. "Alivaa ngozi ya mbuzi mweusi. Nilimwona tangu anakuja njiani. Nilijifanya nacheza. Nilicheka kuliko watoto wote, ili aone sina haja naye. Nilikuwa na hasira. Nikasema, akiniita mara moja tu, naacha mchezo nakwenda. Nikacheza, nikacheza, nasikiliza. Hakuniita."

Chungu kilikuwa kimebonyea upande mmoja, pale alipokishika. Alikitazama, akakikunja chote kikawa bonge la udongo.

Mama Bhoke alipiga magoti mbele yake, akamshika mikono hiyo hiyo yenye udongo. Walikaa hivyo. Mimi sikujua pa kuangalia, nikaanza kuipangusa mashine, ingawa haikuwa chafu mahali hapo.

Baadaye wanawake wa nyumba ile walipika. Uliletwa ugali kwenye chungu cheusi, na mchuzi wa mlenda. Mhunzi mzee alimwangalia Mama Bhoke, akasema kwa upole, "Mama, ukitaka tutakutafutia chakula kwa jirani. Hatutakasirika. Tumezoea."

Mama Bhoke alinawa. Akamega tonge, kubwa kuliko adabu inavyotaka, akachovya, akala. "Chumvi kidogo," alisema. Gati akamwuliza, "Mama alikuwa anasema hivyo hivyo?" "Kila siku," alijibu Mama Bhoke, "hata ikiwa nyingi." Wakacheka, wahunzi nao wakacheka, na nyumba ikapata sauti.

Jumatatu asubuhi nilirudi peke yangu. Mama Bhoke alibaki, alisema ana miaka arobaini ya maongezi. Alinikabidhi utepe kwa mkono wake, umefungwa kwenye kanga. "Shika, mura," alisema, na hilo kwangu lilikuwa kama kupewa cheo. Nilivuka Mara, nikapata lori, nikafika Tarime Jumatano. Fundi Saidi aliusikiliza wote, ameegemeza sikio, anahesabu maungio yangu.

"Umeunga vizuri," alisema. "Ila kipande kimoja kimekosekana. Hamkukipata?"

"Kile hakipo tena, Fundi. Lakini mtoto aliyeachwa kwenye nyumba iliyotajwa mle tumemkuta anafinyanga vyungu."

Nilijifunza kuunga tepe katika safari ile, na baadaye nimeunga nyingi. Hilo si kubwa. Nilichojifunza kweli ni kwamba sauti yote ya bibi Nyangi, hata kama mbuzi asingeila na mimi nisingeifuta, isingetosha. Ilibeba upande wa mtu aliyesimama penye ua. Upande wa aliyekuwa anacheza ulikuwa Ringwani siku zote, kifuani mwa mtu, haujaulizwa. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniletea utepe ulioharibika, analia kwamba maneno yamepotea, sianzi na wembe. Namkalisha kwanza, namuuliza: siku ile, nani mwingine alikuwapo?